Bango na Mshika Hatamu

Kwenye rasi ya Samaná, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Dominika, ipo safari ya kutwa ambayo wageni wa hoteli za Punta Cana wameizoea mno. Basi huondoka alfajiri. Asubuhi ikiwa bado mbichi watu huwa wameshashuka kwenye mojawapo ya vituo vya barabara ya El Limón, vile ambavyo wenyeji huviita parada. Kila parada ni ya familia fulani, na ina banda la makuti, jiko, na farasi waliofungwa kivulini. Mgeni hupandishwa farasi, na mbele yake hutembea mtu, mara nyingi kijana aliyevaa mabuti ya mpira, ameshika hatamu. Njia ni ya matope na mawe, huvuka maji na kupita kwenye minazi na kakao. Mwishoni farasi huachwa juu, ngazi hushukwa kwa miguu, na chini kabisa yapo maporomoko ya mita 40 hivi, yakimwagika kwenye ukuta wa mwamba uliovaa majani na kujaza bwawa la kuogelea. Watu wakishaoga hurudi paradani kula wali, maharage na kuku. Kisha boti huwapeleka Cayo Levantado, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Samaná, na saa zilizobaki huishia baharini.

Mpangilio huo si wa Samaná peke yake. Ukiwa Moshi, chini ya Kilimanjaro, utauziwa safari inayofanana nayo mno: asubuhi maporomoko ya Materuni, mchana chemchemi ya Chemka. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Mlima hupandwa mapema kwa sababu mvua ya milimani hupenda kuja alasiri. Chakula huwekwa katikati kwa sababu mwili uliopanda unadai chake, na maji ya uvuguvugu huachwa mwisho kwa sababu hakuna anayetaka kurudi kwenye matope baada ya kuoga. Kote ni kutoka juu kwenda chini, kutoka maji baridi kwenda maji ya kupoteza muda.

Sasa tuichukue Washington, D.C., na viunga vyake vya Maryland na Virginia. Vitu vyote vya safari ile vipo. Maporomoko yapo: Great Falls, kilomita 24 hivi juu ya jiji, mahali ambapo mto Potomac unashuka mita 23 katika umbali usiofika maili moja. Njia ya kuparamia miamba ipo: Billy Goat, upande wa Maryland, ambayo sehemu yake ya kwanza inazunguka kisiwa cha Bear na kukulazimisha kutumia mikono kama miguu. Visiwa navyo vipo, Bear chenyewe na Olmsted, kinachofikiwa kwa madaraja ya miguu juu ya maji yanayonguruma. Na maji ya chumvi yapo, umbali wa saa moja na zaidi kwa gari, kwenye Ghuba ya Chesapeake. Anayeishi Silver Spring anaweza kuwa Great Falls saa tatu asubuhi na kuwa amekwishalowa baharini kabla ya alasiri.

Kinachokosekana ni yule mtu mwenye mabuti. Mahali pake pamewekwa bango.

Bango la Great Falls halimung'unyi maneno. Linasema kuogelea ni marufuku, hata kutumbukiza miguu ni marufuku, na kwamba mto huu unaua. Anayetoka kwenye utamaduni wa mshika hatamu anaweza kuliona kama ubahili wa serikali au woga wa watu wa mjini. Sivyo. Juu ya maporomoko mto una upana wa mita 300 hivi. Chini yake, ndani ya Mather Gorge, maji yaleyale yanabanwa kwenye korongo la mita 18 hadi 30. Yote yaliyokuwa upana yanageuka kina na kasi, na mengi ya hayo hayaonekani juu. Siku ya jua maji ya korongoni hutulia usoni, yakawa ya kijani kama ya kumwalika mtu, huku chini mkondo ukivuta kuelekea mawe. El Limón ni kijito kinachoanguka kutoka juu, na nguvu zake zote zipo pale machoni pako. Ukikaa mbali na mahali yanapopigia, bwawa linakupokea. Potomac ni mto mkubwa unaoficha nguvu zake chini. Mito hii ni ya tabia mbili, na kila mmoja umezaa adabu yake.

Upande wa Virginia, karibu na ukingo wa kutazamia, kuna nguzo yenye vibao vya miaka ya mafuriko. Mtu anasimama juu ya jabali, maji yako mbali chini yake, halafu anainua macho kutafuta kibao cha 1936 na kukikuta juu ya kichwa chake. Kipo pia cha 1972, mwaka wa kimbunga Agnes. Sijaona mwongozaji popote anayeeleza jambo zito kwa maneno machache kuliko nguzo hiyo. Haiombi bakshishi, haichoki, na humwambia profesa na mtoto kitu kilekile. Lakini pia haimwoni mtu. Mshika hatamu wa El Limón hutazama jinsi unavyokaa juu ya farasi, na kabla hujasema lolote ameshajua kama unaogopa. Hupunguza mwendo penye utelezi, na ngazini hukupa mkono. Bango haliwezi kujua kwamba leo umevaa viatu visivyofaa.

Haimaanishi kwamba Washington haina watu wa kazi hiyo. Wapo askari wa hifadhi wanaotoa maelezo, na kituo cha zimamoto cha Cabin John kina kikosi cha uokoaji kwenye maji ya kasi, watu wanaoufahamu mkondo wa korongo lile kwa miaka. Tofauti iko kwenye wakati. Mwongozaji wa Samaná huanza na wewe kabla ya hatari, na kwa kawaida kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna la kusimulia. Mtaalamu wa Potomac huitwa baada ya bango kupuuzwa. Jamii moja imeweka ujuzi wake mwanzoni mwa njia na kuutoza bei. Nyingine imeuweka mwishoni na kuulipia kwa kodi.

Nisiwe mwepesi wa kusema kwamba Wamarekani hawamjui mshika hatamu. Kando ya Great Falls hiyohiyo unapita mfereji wa Chesapeake na Ohio, uliobeba makaa ya mawe na nafaka hadi 1924. Mashua zake zilivutwa na baghala waliotembea kwenye njia ya ukingoni, na kando ya baghala, mara nyingi, alitembea mtoto wa nahodha ameshika kamba, maili kwa maili, hadi usiku. Familia nzima iliishi ndani ya mashua. Njia hiyo ya baghala leo ni ya baiskeli na ya wakimbiaji wa Jumamosi. Na mwaka 1906 reli ya umeme ilifika Great Falls upande wa Virginia, ikaleta watu wa jiji kucheza dansi na kupanda farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka. Agnes ndiyo iliyoiharibu bembea hiyo. Kwa hiyo burudani ya kuletwa kwa makundi, kulishwa na kurudishwa jioni iliwahi kuwepo hapa. Ilikufa, na gari la binafsi likachukua nafasi yake.

Kisa cha Washington kina upande mwingine ambao mgeni wa leo, akilitazama bango, hawezi kuujua. Na ajabu ni kwamba upande huo unaanzia Samaná.

Mwaka 1824 na 1825, Haiti ilipokuwa ikitawala kisiwa chote, Samaná ikiwemo, chini ya Rais Jean-Pierre Boyer, maelfu ya Wamarekani Weusi walio huru walihamia huko kutoka Philadelphia na miji mingine ya mashariki. Mamia kadhaa walikaa Samaná. Vizazi vyao vipo hadi leo, vikiwa na majina kama Green, King na Johnson, na kwa muda mrefu vilitunza Kiingereza na ibada ya Kimethodisti katikati ya majirani Wakatoliki wanaosema Kihispania. Januari 1871 Rais Ulysses Grant, aliyetamani Jamhuri ya Dominika iungwe na Marekani, alituma tume kwenda kuikagua. Ghuba ya Samaná ilikuwa kiini cha tamaa, maana jeshi la majini lilitaka kituo cha makaa ya mawe. Katibu msaidizi wa tume alikuwa Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa mtumwa ng'ambo ya Chesapeake na kuwa msemaji mkuu wa watu wake. Alikwenda, akaona, akarudi akiwa ameunga mkono muungano. Katika kipande cha mwisho cha safari hiyo, ndani ya meli ya barua iliyokuwa ikipanda Potomac kuelekea Washington, alizuiwa kuketi kwenye meza ya chakula pamoja na wengine.

Miaka 22 baadaye ikamfika mwanawe. Mwaka 1893 Charles Douglass na mkewe Laura walikataliwa kwenye mgahawa wa Bay Ridge, ufukwe wa starehe karibu na Annapolis. Walichofanya ni kununua ekari 40 za jirani na kuzigawa viwanja. Ndivyo kilivyozaliwa Highland Beach, kijiji cha mapumziko cha Weusi wa Washington, kilichopata hadhi ya mji mwaka 1922. Frederick Douglass alijengewa nyumba pale, yenye mnara mdogo wa kutazama ghuba hadi ng'ambo alikozaliwa. Alifariki Februari 1895 bila kuhamia. Jirani na hapo, akina dada wa ukoo wa Carr walifungua fukwe zao, Carr's mwaka 1926 na Sparrow's mwaka 1931, na kwa miongo mitatu wanamuziki wakubwa Wamarekani Weusi walitumbuiza mchangani hapo kwa sababu kwingine milango ilikuwa imefungwa.

Ndani ya jiji lenyewe hali ilikuwa chungu zaidi, kwa sababu ilikuwa ya serikali. Mwaka 1918 ulifunguliwa ufukwe wa kuogelea kwenye Tidal Basin, pale ambapo leo watalii hupigia picha miti ya micheri. Ulikuwa wa Wazungu tu. Lilipoletwa wazo la kuwajengea Weusi ufukwe wao, Bunge la Marekani liliona heri kuufunga hata ule uliokuwepo, na mwaka 1925 ukaondolewa. Juni 1949 watoto Weusi walipokwenda kuoga kwenye bwawa la Anacostia, ambalo serikali kuu ilikuwa imetamka kuwa la wote, zilizuka ghasia, na bwawa likafungwa kwa msimu. Upande wa Maryland, hifadhi ya jimbo ya Sandy Point ilikuwa na fukwe mbili zilizotengwa kwa rangi, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipothibitisha mwaka 1955 kwamba utengano wa aina hiyo haukubaliki.

Nikiitazama orodha hiyo, nalielewa bango kwa namna nyingine. Katika historia ya Washington, mtu aliyesimama kati ya mwili na maji hakuwa mshika hatamu. Alikuwa mlinzi wa geti, naye alitazama sura kwanza. Bango la Great Falls halitazami sura. Linamkataza seneta na mfagizi, mzaliwa na mhamiaji, kwa herufi zilezile. Mtu anayetoka pwani yetu, aliyezoea kwamba kila njia ina mwenyewe na kila mwenyewe anaombwa, anaweza kuiona hali hiyo kuwa baridi. Mimi nadhani ni ubaridi uliogharimu watu wengi jasho, na sioni sababu ya kuudharau.

Sandy Point ya leo ni ushahidi wa jambo hilo. Iko chini ya daraja kubwa la Chesapeake, na Jumapili za Julai hujaa mapema hadi mageti yakafungwa kabla ya saa sita. Ukipita kati ya meza za mbao unasikia Kihispania cha El Salvador, Kiamhari, Kifaransa cha Kongo, na Kiswahili cha kila namna, cha Mombasa kikimtania cha Arusha. Moshi wa mkaa unatoka kila upande. Kuna mwokoaji kwenye kiti chake kirefu, mwenye firimbi, na huyo ndiye mtu wa karibu kabisa na mshika hatamu ambaye eneo hili linaye, ingawa kazi yake ni kuwatazama wote na kutomjua yeyote. Maji hayana chumvi ya kutosha kumridhisha mtu wa Pangani, na joto likizidi yavuyavu huja kuwasumbua waogaji. Hata hivyo ni bahari, na watu wameikubali.

Turudi Kilimanjaro, maana pale nadhani jambo linaonekana vizuri zaidi. Materuni ni kijiji cha Uru, juu ya Moshi. Mgeni hulipa kiingilio kijijini na kupewa mtu wa kijijini, hata kama amekuja na dereva na mwongozaji wake kutoka mjini. Njia hupita kwenye vihamba: migomba juu, kahawa chini, ng'ombe bandani. Kisha bonde hufunguka na maji yanaonekana yakianguka kutoka ukingo wa mwamba kama uzi mmoja mrefu. Baridi yake ni ya kukata pumzi. Wanaoingia hutoka mbio, wakicheka kwa hasira. Baadaye hukaushwa na kahawa ambayo wameshiriki kuitengeneza: buni hukobolewa kwenye kinu, hukaangwa kwenye chungu juu ya moto, hutwangwa watu wakiimba, na kunywewa ikiwa bado na harufu ya moshi.

Hapa anayeongoza ni mwenyeji, na hilo ni zaidi ya adabu. Wachaga wana historia ndefu ya kumiliki maji kwa mpango. Mifongo, yaani mifereji ya kienyeji inayochepusha maji ya mlima na kuyapitisha mabegani mwa vilima hadi kwenye vihamba, ilichimbwa na koo, ikasimamiwa na wazee, ikawa na zamu zake, siku zake za kusafishwa na faini za wavunja zamu. Maji hayakuwahi kuwa ya mpita njia. Anayekutembeza Materuni leo amevaa kofia ya mpira wa kikapu na ana simu mbili, lakini anasimama mahali palepale aliposimama mzee wa mfongo: ndiye anayesema nani apite, lini, na kwa kiasi gani.

Linganisha na mfereji mwingine wa Potomac, ambao magofu yake yapo hatua chache kutoka kwenye ile nguzo ya mafuriko. Kampuni ya Patowmack ilianzishwa mwaka 1785, George Washington akiwa rais wake wa kwanza, ili kupitisha mashua kando ya maporomoko. Malango ya maji ya Great Falls yalikamilika mwaka 1802, kwa kazi ya vibarua, ya wahamiaji waliofungwa kwa mikataba na ya watumwa wa kukodishwa. Kufikia 1828 kampuni ilikuwa imekwisha. Mfongo na mfereji huo vyote ni maji yaliyoelekezwa kwa mawe na akili. Mmoja ulikuwa wa ukoo, ukaishi kwa sababu kila mwaka watu walirudi kuuzibua. Mwingine ulikuwa wa hisa, ukafa hesabu zilipokataa. Siwezi kusema ubunifu upi ulikuwa mkubwa zaidi. Naweza kusema ni upi uliomwachia mrithi kazi ya kuongoza wageni, na upi uliomwachia mrithi kazi ya kuandika bango.

Chemka, kituo cha mchana, ni habari nyingine. Iko kwenye nyanda kavu za Hai, baada ya barabara ya vumbi inayomfanya mtu aamini amepotea. Watalii huuziwa kama chemchemi ya moto, ilhali maji ni ya uvuguvugu tu; lakini uangavu wake haukutiwa chumvi. Mizizi ya mikuyu imeshuka hadi majini, kamba ya kujirushia imefungwa kwenye tawi, na visamaki hudonoa ngozi ya miguu iliyotulia. Pale hakuna anayekushika mkono. Mwongozaji wa asubuhi amegeuka kuwa mtu anayelinda viatu vyako. Hata Cayo Levantado ndivyo ilivyo: boti ikishafunga, mshika hatamu hana kazi tena, na wanaokukaribia ni wauza mananasi yaliyochimbwa ndani na kujazwa kinywaji. Bonde linahitaji mwongozaji, ufuo unahitaji mchuuzi tu.

Uhusiano wa mwongozaji na mgeni una sura nyingine bado. Kwenye vilima vya Shimba, Kwale, anayeshuka kwenda maporomoko ya Sheldrick huandamana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa kuwa ndovu na nyati nao wana njia zao mle. Huyo si mwenyeji wala si mchuuzi. Ni dola iliyokuja kwa miguu. Jamaika, kwenye maporomoko ya mto Dunn karibu na Ocho Rios, wamekwenda mbali zaidi: watu hupanda ndani ya maji yenyewe, ngazi kwa ngazi za mwamba, wageni wasiojuana wakiwa wameshikana mikono kwa mnyororo, na mbele yao mwongozaji aliyejitundika kamera zao shingoni. Na kwa kuwa mto huo unaishia moja kwa moja baharini, safari ya maporomoko na safari ya ufuo ni kitu kimoja. Unaanza mchangani na ukitaka unarudi mchangani. Wajamaika wamemgawa mshika hatamu kwa kila mtu. Usalama wako umo mkononi mwa mwanamke kutoka Toronto ambaye hujui jina lake.

Niseme na kasoro za mwongozaji, maana nimemsifu vya kutosha. Kwanza, urefu wa maporomoko hukua mdomoni mwake. Materuni nimesikia ikitajwa kuwa mita 80, na mita 150 pia, kutegemea nani anasema na kundi ni kubwa kiasi gani. Nguzo ya Great Falls haiongezi hata kidole. Pili, anayeongozwa huacha kutazama. Aliyekaa juu ya farasi El Limón anaona mgongo wa kijana na masikio ya farasi. Aliyeko Billy Goat peke yake hulijua kila jiwe alilolikanyaga, kwa kuwa angekosea angeumia. Tatu, bei. Mwongozaji analipwa mwisho wa mnyororo mrefu wenye hoteli, wakala, basi na chakula, na inapofika zamu yake hutegemea kilichobaki mfukoni mwa mgeni aliyelowa. Farasi naye hana wa kumsemea. Bango limeondoa unyonge huo wote kwa mpigo mmoja. Limeondoa pia ajira.

Jambo moja la jikoni nisiliache. Samaná inasifika kwa samaki wa nazi, aliyepikwa kwenye tui zito hadi mchuzi ukashika. Mtu wa Lamu akila hapo hahitaji kuelezwa chochote isipokuwa kwa nini hawakutia pilipili. Minazi ya rasi hiyo na ya pwani yetu haikufika kwa safari moja, na tui halina haja ya mjumbe; penye mnazi, samaki na mtu mwenye subira, chakula hicho hutokea chenyewe. Sandy Point hakuna minazi. Ila nimeona sufuria ya wali wa nazi ikifunguliwa kwenye meza ya hifadhi ya jimbo la Maryland, tui lake limetoka kwenye kopo la Thailand, na jirani wa Kidominika akanyoosha shingo.

Turudi Washington. Kuogelea kwenye mito ya jiji kulipigwa marufuku mwaka 1971. Sababu haikuwa mkondo. Ilikuwa uchafu: theluthi moja ya jiji ina mabomba ya zamani yanayochanganya maji ya mvua na ya vyooni, na mvua kubwa inaponyesha mchanganyiko huo humwagikia mtoni. Jiji limechimba mahandaki makubwa ya kuyashika maji hayo, na yale ya upande wa Anacostia yalikamilika mwaka 2023. Tangu 2018 kanuni zinaruhusu matukio maalumu ya kuogelea kwa kibali. Mwaka huohuo wa 2023 wanaharakati wa mto Anacostia walitangaza siku ya kuingia majini hadharani, mto uleule unaopita chini ya kilima alichoishi Frederick Douglass. Mvua ikanyesha, vipimo vikaharibika, ikaahirishwa. Kinachonivuta zaidi ni masharti yake. Hakuna aliyependekeza kung'oa bango na kumwacha kila mtu ajitumbukize. Muogaji anatakiwa kujiandikisha, maji yapimwe kabla, waokoaji wawepo, eneo lizungushiwe mipaka, na aingie na kundi lake kwa zamu. Mzee wa mfongo angeuliza maswali machache tu: nani anashika zamu, anatoka ukoo gani, na je, hiyo kazi ataachiwa nani.